Msichana mwenye mvuto, kijana mwenye nguvu

Pale Kabwe, jijini Mbeya, niliona matangazo mawili kwenye mlango wa kioo wa duka. La juu: "Anahitajika msichana mwenye mvuto, asizidi miaka 25, wa mapokezi." La chini: "Anahitajika kijana mwenye nguvu na mwaminifu, wa stoo." Mabinti wawili walisimama wakayasoma. Mmoja akatoa simu, akajitazama kwenye kamera, akalainisha nyusi kwa kidole. La stoo hakulisoma mara ya pili.

Sisi maofisa ustawi wa jamii tunakutana na matokeo ya matangazo ya namna hii kila wiki. Kijana anaulizwa ataweza nini, binti anaulizwa anaonekanaje.

Jicho la mwanadamu lina haraka. Mwaka 1920 mwanasaikolojia Mmarekani Edward Thorndike alionyesha kwamba maofisa wa jeshi waliompa askari alama za juu kwa umbo, walimpa za juu pia kwa akili na uongozi. Mwaka 1972 Karen Dion na wenzake waliwaonyesha wanafunzi picha za watu wasiowajua, na wenye sura nzuri wakadhaniwa kuwa na tabia njema, kazi nzuri na ndoa zenye furaha. Picha tu!

Lakini uchunguzi ambao ningependa kila mwajiri aujue ni wa Madeline Heilman na Lois Saruwatari, wa mwaka 1979. Katika maombi ya kazi, sura nzuri ilimsaidia mwanaume kwenye ukarani na kwenye umeneja. Mwanamke mrembo ilimsaidia kwenye ukarani, ila alipoomba umeneja ilimponza. Umeneja ulihesabiwa kazi ya kiume, na urembo ukamfanya aonekane wa kike zaidi, yaani asiyeifaa.

Kwa hiyo ninapoambiwa kuwa mrembo ana nguvu, huwa nauliza: nani anayeandika mkataba? Mezani kwangu alikaa mama mmoja aliyeondolewa mapokezi baada ya kujifungua. Bosi alimwambia, "Umebadilika." Alikuwa akiwajua wateja wote kwa majina, na mtoto alikuwa mgongoni amelala huku yeye akinieleza hayo kwa sauti ya chini. Tumezoea kumwonya binti kwa uzuri wa mkakasi, wakati anayestahili kuonywa ni mnunuzi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa jinsia, umri, ujauzito na hali ya ndoa, hata kwa anayeomba kazi. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Na ukidaiwa mwili ili upewe kazi, hiyo ni rushwa ya ngono. Piga 113 TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, bila malipo.

Waajiri, nawaomba: waulizeni waombaji wote maswali yaleyale, na kila msaili aandike alama zake kabla hamjaanza kujadiliana. Msiombe picha.

Na ile kazi ya stoo? Nendeni soko la Mwanjelwa alfajiri, kwenye baridi ya Juni, mkamwone mama mwenye kitenge begani akipokea magunia ya viazi kutoka Uyole. Anayahesabu yakiwa bado ndani ya gari, anabonyeza moja, anasema limelowa chini, na dereva anashusha bei.