Si kila chenye mwiba ni kaktasi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa miche alininadia kopo lenye mmea wa maua mekundu na miiba shina zima: "Kaktasi hii mzee, haitaki maji kabisa." Nikanyamaza. Jioni, nyumbani Nkuhungu, hapa Dodoma, jirani yangu akauita ua wake wa minyaa "kaktasi za kienyeji". Hapo uvumilivu ukanishinda.

Kaktasi, au dungusi kakati kama kamusi inavyosema (jina ambalo sijamsikia muuza miche hata mmoja akilitamka), ni jamii moja ya mimea yenye asili ya mabara ya Amerika, ambayo mingi yake huweka akiba ya maji kwenye shina. Mpungate umo, vile vibapa vyake kama chapati ni shina, si majani. Mnyaa haumo. Ule wa maua mekundu asili yake ni Madagaska, na ni ndugu wa mnyaa. Mkonge na mshubiri, ndiyo usiseme.

Kinachochanganya watu ni sura. Ukame wa kule na wa huku umeilea mimea isiyo na undugu ikafanana. Basi usitazame mwiba, tazama unapotokea. Kwenye kaktasi, miiba huchomoza kutoka kwenye kijidoa chenye manyoya mafupi, mara nyingi mingi pamoja kama shada. Mnyaa na ndugu zake hawana kijidoa hicho. Wao wana maziwa: ukivunja tawi yanachuruzika meupe, yanawasha ngozi, na yakiingia jichoni ni safari ya hospitali.

Sasa kichekesho. Neno lenyewe lilianza kwa kukosewa. Theophrastus, Mgiriki aliyeandika habari za mimea zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, aliita kaktos mmea wa miiba wa kisiwa cha Sisilia, unaodhaniwa kuwa wa ukoo wa mbaruti. Kaktasi tunazozijua hakuwahi kuziona. Zilikuwa ng'ambo ya bahari, na Wazungu walikuja kuzifahamu baada ya safari ya Columbus ya 1492. Wataalamu wa Ulaya wakazibandika jina la Kigiriki kwa sababu zina miiba, na mwaka 1753 Linnaeus, Mswidi aliyepanga majina ya kisayansi ya mimea, akalipitisha rasmi. Kwa hiyo kosa la jirani yangu lina ukoo mrefu na wasomi wamo. Tena kaktasi pekee inayoota Afrika bila kuletwa na mtu huning'inia kwenye miti ya misitu yenye unyevu, na ikishakua miiba huioni. Ukiionyesha hapa Dodoma, nani atakuamini?

Na hilo la "haitaki maji" ni uongo wa kibiashara. Inataka, ila kwa zamu. Mwagilia mpaka maji yatoke chini ya chungu, kisha acha udongo ukauke hadi ndani. Chomeka kijiti cha mshikaki kwenye udongo, kikitoka na tope, subiri. Kuinyunyizia kijiko kimoja kila asubuhi ndiyo njia ya kuiozesha mizizi. Changanya udongo na mchanga mnene wa korongoni, na kopo litoboe. Juni na Julai, baridi ya hapa ikishika, punguza sana. Masika yakianza Desemba, usiache chungu kikanyeshewa hadi Aprili. Ule wa Madagaska una kiu zaidi: ukizidiwa hupukutisha majani, na wenye nao hudhani umekufa wakautupa.

Jana nilipita kwa jirani, nikamwamkia, nikaomba kiti. Nilimwambia hivi: mama, huo wa dirishani ni kaktasi, umeutunza vizuri. Wa uani ni minyaa, jina lake hilohilo ulilolikuta kwa bibi yako. Siku ya kuupunguza niite, nina miwani ya kuchomelea.