Pamba "isiyotiwa dawa" na hadithi nyingine za vitambaa

Ukiuliza bei ya kitambaa Kariakoo, au Biashara Street kule Mombasa, muuzaji atakutajia bei kisha akuongezee sifa: "Hii pamba tupu, haina kemikali." Mtu ananadi mali yake, hatumlaumu. Ila kitambaa cha pamba kinachofika dukani kikiwa cheupe, au kimejaa maua ya rangi, kimepitishwa kwenye dawa mara kadhaa kabla ya kukunjwa na kufungwa jora. La kuuliza ni dawa gani, ilikuja kufanya nini, na kama ilisuuzwa ikaisha. Hapo kwenye kusuuza ndipo uzuri na ubaya wa nguo nyingi unapoamuliwa, na ndipo hadithi nyingi za mtaani zinapokosea njia.

"Pamba ni ya asili, haihitaji kemikali"

Chukua pamba iliyotoka shambani, iliyochambuliwa mbegu tu, uitupe kwenye bakuli la maji. Itaelea. Iache nusu saa, utaikuta bado inaelea. Kisha tupia kipande cha pamba ya duka la dawa, ile ya kusafishia vidonda. Kinazama papo hapo. Zote mbili ni pamba, ila ya pili imechemshwa kwa kostiki soda, ile alkali kali inayotengenezea sabuni, kisha ikapaushwa.

Unyuzi wa pamba ni selulosi kwa asilimia 90 hivi, yaani molekuli ndefu zilizoungana kama minyororo, na selulosi inapenda maji. Tatizo liko kwenye ngozi ya nje: mmea umeipaka nta na pektini, aina ya gundi ya mimea, kujikinga. Nta hiyo ikibaki, rangi haipenyi sawasawa, na nguo haifyonzi jasho. Kwa hiyo kiwandani kitambaa huchemshwa kwa kostiki kwenye joto linalokaribia la kuchemka, nta na pektini zikang'oka, halafu kikapaushwa ili ile rangi ya krimu iondoke.

Hata kabla ya hapo kuna kazi nyingine. Nyuzi za mtande, zile za urefu wa kitambaa, hupakwa wanga zisikatike kwa misuguano ya mtambo wa kufuma, na wanga huo lazima utolewe. Siku hizi huondolewa kwa kimeng'enya cha amilesi, cha jamii moja na kile kilichomo kwenye mate yetu kinachoanza kumeng'enya ugali mdomoni.

Kitambaa kilichokaribia kweli kutotiwa dawa kiliwahi kutamba pwani yetu: merikani, ile pamba isiyopaushwa iliyotoka viwanda vya Massachusetts, Marekani, ikaletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa mji wa Salem wa jimbo hilo hilo katika karne ya 19. Nayo ilikuwa na wanga wake.

Je, pamba ya kilimo hai? Wakulima wake wapo, hata hapa Tanzania, wilayani Meatu mkoani Simiyu. Lakini kilimo hai ni habari ya shambani. Viwango vya GOTS, ambavyo ndivyo vinavyofahamika zaidi kwa nguo za aina hiyo, vinakataza kupausha kwa klorini na vinakataza fomaldehaidi (ndiyo iliyomo kwenye fomalini), ila vinaruhusu kostiki na haidrojeni peroksaidi. Na ni sawa viruhusu, kwa sababu bila kostiki ungevaa shati lisilolowa.

"Kostiki inakula kitambaa"

Anayesema hivi ameona kostiki ikiunguza mkono, na mkono inaunguza kweli. Ngozi, sufu na hariri ni protini, na kostiki huyeyusha protini. Selulosi ni kitu kingine kabisa.

Mwaka 1844 John Mercer, fundi wa kuchapa vitambaa wa Lancashire, Uingereza, alikuwa anachuja kostiki kali kwa kutumia kitambaa cha pamba. Kitambaa hakikuliwa. Kilisinyaa, kikawa kinene, kikawa na nguvu kuliko mwanzo, na kilipotiwa rangi kilinywa rangi kuliko kitambaa cha kawaida. Alichukua hataza, yaani haki ya ubunifu wake, mwaka 1850. Kwa miaka karibu 40 viwanda havikuichangamkia njia hiyo, maana kostiki ilikuwa ghali, na nani anataka jora linalosinyaa kwa robo yake nzima? Karibu na 1890 Mwingereza mwingine, Horace Lowe, akaonyesha kwamba ukikivuta kitambaa kisisinyae wakati kimo kwenye kostiki, kinatoka kinang'aa.

Sababu yake inaonekana kwenye hadubini. Unyuzi wa pamba iliyokomaa umebapa kama utepe uliopindapinda. Kostiki kali huuvimbisha hadi ukawa wa mviringo na laini, minyororo ya selulosi ndani ikajipanga upya, na mwanga ukipiga hapo unarudi badala ya kutawanyika. Ndiyo maana uzi mzuri wa cherehani wa pamba una mng'ao, na fulana za pamba za bei kubwa nazo.

Kinachokula pamba ni asidi. Muulize fundi wa magari. Maji ya betri yakimrukia suruali asubuhi, haoni kitu. Anaifua jioni, na pale yaliporukia panabaki matundu. Asidi ya salfa imekata minyororo ya selulosi vipande vipande, na kufikicha kukamalizia kazi.

Kostiki nayo ina namna yake ya kuharibu pamba: ikiwa ya moto sana huku hewa inaingia, oksijeni hudhoofisha selulosi. Kiwandani kosa hilo hudhibitiwa kwa kukizuia kitambaa kilichowekwa kostiki ya moto kisikae nje kikikaukia.

"Loweka khanga mpya kwenye maji ya chumvi, rangi itashika"

Hapa najua nagombana na mashangazi na mabibi wote wa pwani. Ushauri huu umerithishwa pamoja na khanga zenyewe, na wengine huongeza siki. Ubaya ni kwamba ukijaribu, utaona kama unafanya kazi.

Tuanzie kiwandani, maana chumvi imo kweli. Pamba ikiwa majini huwa na chaji hasi kwa juu. Rangi nyingi za pamba nazo zina chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana. Chumvi inapunguza msukumano huo, rangi inayahama maji na kuhamia kwenye uzi. Kwa rangi nzito kiwanda huweza kutia gramu 50 za chumvi na zaidi kwa kila lita ya maji. Lakini hapo rangi imesogezwa tu karibu. Kuikaza ni hatua nyingine.

Katika rangi za riaktivu, zilizoingizwa sokoni na kampuni ya ICI ya Uingereza mwaka 1956 baada ya kazi ya wanakemia Rattee na Stephen, kinachokaza ni magadi soda. Yanafanya maji yawe ya alkali, na katika alkali molekuli ya rangi inajifunga na selulosi kwa kifungo halisi cha kemia. Ikishafunga imefunga. Ila si rangi yote inayobahatika kuupata uzi. Nyingine hufunga na maji yale yale iliyomo, ikabaki imejibanza tu kwenye kitambaa bila kushikwa na chochote, na kwa baadhi ya rangi sehemu hiyo hufika theluthi moja au zaidi.

Kiwanda makini huisuuza ikaisha, kwa maji mengi ya moto na sabuni, mara kadhaa. Kiwanda kinachobana gharama za maji na kuni kinakuachia wewe kazi hiyo. Rangi unayoiona ikitoka kwenye beseni lako ni hiyo isiyoshikwa, na haiwezi kushikwa tena, kwa sababu nafasi yake ya kufunga ilishapita.

Sasa ukiloweka kwenye chumvi, maji hayachafuki sana. Unafurahi. Kilichotokea ni kwamba chumvi imeizuia rangi isitoke, kama inavyofanya kiwandani. Ukija kufua kwa maji ya kawaida, inatoka, na pengine inatoka juu ya shati jeupe la mtoto wa shule. Maji ya chumvi yamechelewesha tu aibu. Siki nayo ina mahali pake: husaidia kwenye rangi za asidi za sufu, hariri na nailoni. Kwa pamba haina la kufanya.

Cha kufanya ni kinyume cha mila: itoe. Fua khanga mpya peke yake, suuza kwa maji baridi kwanza, kisha maji ya moto na sabuni, urudie hadi maji yatoke meupe, na uianike kivulini. Kabla ya kununua, lowesha kitambaa cheupe kidogo usugue kwenye kona. Maabara za nguo hupima hivyo hivyo, tofauti yao ni kwamba wana mashine ya kusugua.

Kuna kitenge ambacho hata ukisuuza mara kumi kitaendelea kupaka kikisuguliwa. Hicho huenda kimechapwa kwa pigmenti, yaani unga wa rangi uliogandishwa juu ya kitambaa kwa gundi. Haujaingia ndani ya uzi, na gundi ikichakaa unga unaondoka nao.

"Kwenye batiki, kostiki ndiyo inayokaza rangi"

Hili linafundishwa hadi kwenye semina za ujasiriamali. Rangi za vati zinazotumika kwenye batiki haziyeyuki majini. Haidro, yaani sodiamu haidrosulfaiti, inazinyang'anya oksijeni, na kostiki inaziwezesha kuyeyuka zikiwa katika hali hiyo. Zikishayeyuka zinaingia ndani ya uzi. Kinachozikaza ni hewa. Ndiyo maana kitambaa kinatoka kwenye beseni na rangi isiyo yake: cha nili, kwa mfano, hutoka kijani-manjano, na ukikitazama kikiwa kimetandazwa kinageuka buluu mbele ya macho yako. Oksijeni imerudi, rangi imekuwa tena kitu kisichoyeyuka, safari hii ikiwa imekwama ndani.

Anayeongeza kostiki akidhani rangi itakaza zaidi anapoteza fedha na kuunguza vidole. Anayeruka hatua ya mwisho ya kuchemsha kwa sabuni ndiye anayeuza batiki inayochafua mashuka, kwa sababu rangi iliyoganda juu juu haikuondolewa.

Na kwa kuwa wengi hufanya kazi hii uani: tia kostiki kwenye maji, usitie maji kwenye kostiki. Usitumie sufuria ya alumini, kwa kuwa kostiki inaila na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Haidro ifungwe vizuri isipate unyevu, maana ikilowa kidogo huweza kupata joto hadi ikashika moto yenyewe.

"Khanga ngumu ndiyo imara"

Ugumu wa khanga mpya ni wanga uliopakwa mwishoni ili ikunjike vizuri na ionekane nzito. Ukiifua mara mbili tatu, unabaki na kitambaa chenyewe. Ishikilie mbele ya mwanga uone nyuzi zilivyosongamana. Hilo wanga hauwezi kulidanganya kwa urahisi.

"Weupe wa kiwandani ni wa jiki"

Zamani klorini ilitawala: Mfaransa Berthollet alianza kupaushia nayo mwaka 1785, na kabla yake vitambaa vilitandazwa majanini juani kwa miezi. Viwanda vingi sasa hutumia haidrojeni peroksaidi, ambayo mwisho wake ni maji na oksijeni. Juu ya hapo hutiwa dawa ya kung'arisha inayomeza miale ya jua isiyoonekana na kutoa mwanga wa samawati, ile inayofanya shati jeupe liwake kwenye taa za disko. Ukilimwagia jiki shati hilo kila wiki unaiua dawa hiyo, shati linapoteza ule mng'ao, na selulosi nayo inakatika taratibu.

"Nguo za mianzi ni za asili na zinaua bakteria"

Mwanzi ni mmea mgumu. Ili uwe fulana laini, kwa kawaida husagwa ukawa rojo la selulosi, ukalowekwa kwenye kostiki, ukachanganywa na kaboni daisalfaidi hadi ukawa uji mzito wa rangi ya chungwa, kisha ukasukumwa kwenye vitundu vidogo kama tambi ukiangukia kwenye asidi ya salfa. Humo selulosi inaganda upya kuwa nyuzi. Hii ni viskosi, iliyobuniwa Uingereza na Cross, Bevan na Beadle mwaka 1892. Ukitumia mikaratusi, kama ile inayosagwa kwa kazi hiyo kule Umkomaas, Afrika Kusini, unapata kitu kile kile. Mwanzi wenyewe umeshapotea.

Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, imeliona hilo tangu 2009, ilipowakabili wauzaji walioziita nguo hizo za mianzi na kudai zinazuia bakteria. Mwaka 2022 kampuni za maduka makubwa Kohl's na Walmart zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 5.5 kwa madai ya namna hiyo.

Viskosi haimdhuru anayeivaa. Aliyeumia ni mfanyakazi, kwa sababu kaboni daisalfaidi ni sumu ya mishipa ya fahamu, na katika karne ya 20 viwanda vya Ulaya na Marekani vilitoa watu waliopooza na wengine waliorukwa na akili. Ukitaka laini yenye dhambi kidogo, tafuta laioseli, nyuzi nyingine ya selulosi inayoyeyushwa na kugandishwa upya: kiyeyusho chake hukusanywa na kurudishwa kazini kwa zaidi ya asilimia 99.

"Shati lisilokunjamana limefumwa kwa ufundi maalum"

Ufumaji ni ule ule. Pamba hukunjamana kwa sababu minyororo ya selulosi huteleza ikilowa, kisha inakauka pale ilipotelezea. Kiwanda hupaka rezini, aina ya gundi ya kemikali, inayoifunga minyororo hiyo pamoja, na rezini nyingi za aina hii hutengenezwa kwa fomaldehaidi. Neno fomalini likitajwa watu hufikiria mochwari, lakini kiasi kinachobaki kwenye nguo ni kidogo, na Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 75 kwa kilo kwa nguo zinazogusa ngozi. Wenye ngozi nyepesi huweza kuwashwa hata hivyo, na kufua kabla ya kuvaa mara ya kwanza hupunguza sehemu kubwa ya fomaldehaidi isiyoshikwa na rezini.

Gharama yake nyingine huonekana baadaye. Minyororo iliyofungwa haiwezi kupokea mvuto kwa kuteleza, kwa hiyo uzi unakuwa mkavu na rahisi kukatika. Shati la namna hiyo huanza kuisha kwenye ukingo wa kola na ncha za mikono, panaposuguliwa kila siku, wakati mgongo wake bado uko kama siku liliponunuliwa.