“Kasome!” na Dhana Nyingine Zinazowakimbiza Watoto Vitabuni

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili. Mzee aliyekaa barazani na gazeti anasoma, na mtoto anayekariri jedwali la kuzidisha kwa hofu ya mtihani wa Jumatatu naye anasoma. Ndiyo maana mtoto akiambiwa “Nenda kasome!” hajiulizi huko kuna hadithi gani. Anajua tu kwamba mchezo umekwisha. Nadhani mengi tunayoyakosea kuhusu watoto na vitabu yanaanzia kwenye mkanganyiko huo.

Dhana: Watoto wetu hawana utamaduni wa kusoma

Hii huja na ule utani kwamba ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke kitabuni. Watu hucheka, mazungumzo yakaishia hapo. Lakini mtoto atapendaje kitu ambacho hajawahi kukishika? Katika nyumba nyingi utakuta Msahafu au Biblia, madaftari ya shule, basi. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania kwa sababu hadithi za Kiswahili walizoandikiwa watoto zilikuwa haba mno. Na kule Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, huduma ya maktaba ya taifa ilianza mwaka 1996 kuwafuata wafugaji kwa ngamia: huyu kabeba masanduku ya vitabu, yule kabeba hema. Vitabu vilipofika, wasomaji walikuwepo.

Dhana: Huyu anajua kusoma, sikia anavyotiririka

Hapa Kiswahili chenyewe kinatuponza. Irabu zetu ni tano na kila moja ina sauti yake, haigeukigeuki. Mtoto akishaishika vizuri ba, be, bi, bo, bu, haupiti muda mrefu atakutamkia hata mkataba wa benki kuanzia juu mpaka chini. Mtoto wa Uingereza anahangaika na herufi zinazoandikwa lakini hazitamkwi. Wetu ameepushwa na taabu hiyo. Shida ni kwamba mdomo unaweza kutangulia mbali, akili ikabaki nyuma, na wewe uliyekaa pembeni usigundue.

Mpwa wangu yuko darasa la pili. Jioni moja alinisomea kitabu cha fisi na kisima bila kukwama hata mara moja. Alipofika “Fisi akaduwaa,” nikamsimamisha.

“Kuduwaa ndiyo kufanyaje?”

“Kufa, mjomba.”

“Sasa mbona ukurasa wa mbele anakimbia?”

Akafunua ukurasa wa mbele, akarudi nyuma, akamkazia macho fisi wa kwenye picha. Kisha akaacha mdomo wazi, akatoa macho, akabaki hivyo. “Hivi?”

Hivyohivyo. Wiki nzima ile kila mtu nyumbani alikuwa anaduwaa: chai imemwagika, mtu kaduwaa, umeme umekatika, mtu kaduwaa. Kama ningemsikiliza kwa kasi tu ningempa alama zote, na neno lingempita. Siku hizi namkatiza mara moja au mbili, si zaidi. Nikizidisha, kitabu kinageuka mtihani na tunarudi palepale pa “kasome”.

Dhana: Akishajua kusoma mwenyewe, usimsomee tena

Masikio ya mtoto huwa mbele ya macho yake kwa miaka kadhaa. Wa miaka saba anaweza kufuata kwa kusikiliza hadithi ndefu, yenye watu wengi na vituko, ambayo akipewa aisome mwenyewe ataitupa kwenye ukurasa wa pili. Ukiacha kumsomea anabaki na vile vitabu vya “Huyu ni Juma. Juma ana mpira,” halafu tunashangaa akisema vitabu havina maana. Kwa kweli mimi mwenyewe yule Juma alinichosha.

Na mzazi ambaye hakwenda shule? Bibi anayesema “Paukwa!” akasubiri aitikiwe “Pakawa!” ameshamfundisha mjukuu kwamba hadithi ina mtego na inabidi kusubiri uone Sungura atanasukaje. Mtoto na amsomee bibi. Bibi ndiye atakayeuliza, “Ebu ngoja, huyo fisi kafikaje hapo?” Swali lake ni la mtu anayetaka kujua kweli, halifanani na yale ya mwisho wa sura.

Dhana: Mwahidi zawadi, atapenda

Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha jaribio walilofanya na watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti wakichora, wakachora, wakapewa. Siku kadhaa baadaye kalamu zilipowekwa mezani bila ahadi yoyote, wale wa cheti walizichezea karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Hao walikuwa wachoraji, si wasomaji, lakini nakumbuka habari hiyo kila ninaposikia “soma kurasa kumi kwanza, ndipo uangalie TV.” Mtoto huyo ameshaambiwa kipi ni kitamu na kipi ni dawa chungu.

Dhana: Katuni na gazeti la michezo si kusoma

Ni kusoma. Anayetafuta matokeo ya Simba na Yanga anasoma kwa bidii kuliko mtahiniwa yeyote. Kurudia kitabu kilekile mara ya kumi nako ni kusoma. Hata watu wazima huurudia wimbo wanaoupenda. Na simu unayomnyang'anya ina hadithi pia: African Storybook, mradi wa Afrika Kusini uliozinduliwa mwaka 2014, una hadithi za bure, zikiwemo za Kiswahili.

Dhana: Kitabu cha maana ni cha Kiingereza

Naielewa hofu ya mzazi, maana sekondari zetu za Tanzania zinafundisha kwa Kiingereza. Lakini kubashiri kitakachofuata, kuunganisha huyu na yule, kushtuka na kurudi nyuma kama yule wa fisi, mtu hujifunza kwa lugha anayoielewa, kisha huhama nayo. Asiyeonja raha hiyo kwa Kiswahili atakuwa anatamka tu kwa lugha mbili.

Dhana: Watoto wataharibu vitabu

Hii ndiyo inayoniuma. Nilikwenda shule moja nikaonyeshwa kabati la hadithi ofisini kwa mwalimu mkuu. Vitabu vilikuwa vipya, vinanukia wino, kufuli limening'inia. “Tunavitunza,” nikaambiwa. Vimetunzwa miaka, na waliokusudiwa kuvisoma wameshamaliza darasa la saba.

Mwalimu mmoja wa darasa la pili aliomba vitabu ishirini kwa dhamana yake, akavitandika kwenye mkeka nyuma ya darasa, akanunua selotepu. Mwisho wa muhula vilirudi kumi na tisa. Cha kwanza kung'oka jalada kilikuwa cha fisi, na kile kimoja kilichopotea, watoto wote wanajua kiko kwa nani.