Kijiwe cha ubongo: kwa nini mwenye sonona hukesha

Ukipita Mwanjelwa, Mbeya, mchana biashara ikiwa imelala, utawakuta bodaboda wamekaa juu ya pikipiki zao wakipiga soga. Abiria akitokea, mtu anawasha pikipiki na stori inakatika. Ubongo nao una kijiwe chake. Kwa Kiswahili tunaweza kukiita mtandao wa mapumziko: maeneo kadhaa, hasa lile la katikati nyuma ya paji la uso na lile la katikati kuelekea kisogoni, ambayo huchangamka mtu asipokuwa na kazi mkononi. Yako mbalimbali, ila hupanda na kushuka pamoja, ndiyo maana tukasema mtandao.

Mtafiti wa ubongo Marcus Raichle na wenzake huko St. Louis, Marekani, ndio waliouelezea mwaka 2001. Kilichowashangaza ni kwamba mtu akipewa kazi ndani ya mashine ya kupima ubongo, maeneo hayo yalipoa badala ya kuchemka. Neno "mapumziko" lisikudanganye, maana ubongo una kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hula kama asilimia 20 ya nishati, hata ukiwa umekaa tu. Na soga za kijiwe hiki zinamhusu mwenyewe: jana nilisema nini, kesho itakuwaje, watu wananionaje.

Sonona si yale mawazo ya siku mbili baada ya bei ya viazi kuanguka. Ni huzuni, au kukosa hamu na karibu kila kitu, takribani kila siku kwa wiki 2 au zaidi, ikiambatana na dalili nyingine kama uchovu na usingizi kuvurugika. Mwenye sonona hucheua jambo lilelile kama ng'ombe zizini. Usiku ndio mbaya zaidi: taa imezimwa, hakuna abiria, kijiwe kimejaa. Katika usingizi mzito kwa kawaida eneo la mbele la mtandao huachana na la nyuma. Wengi wenye sonona hawafiki huko kirahisi, au hushtuka saa tisa usiku na hawalali tena.

Mwaka 2018 Wei Cheng, Edmund Rolls na Jianfeng Feng walichapisha utafiti uliotumia picha za ubongo za watu wapatao 1,000 wa Marekani, kisha wakahakikisha kwa zaidi ya 8,000 wa Uingereza. Dalili za sonona na usingizi mbovu vilienda pamoja na mawasiliano yenye nguvu zaidi (yaani kupanda na kushuka pamoja) kati ya maeneo ya kujifikiria, ya kumbukumbu ya muda mfupi na ya hisia mbaya. Hiyo haithibitishi kipi kimemzaa mwenzake. Kukosa usingizi kwa muda mrefu kunaongeza hatari ya sonona, na sonona inaharibu usingizi; ni mduara.

Tena mambo si mepesi hivyo. Mwaka 2019 watafiti wa China walikusanya picha za ubongo za wagonjwa 1,300 wa sonona, na kwa wale ambao sonona iliwarudia, mawasiliano ndani ya mtandao huu yalikuwa yamepungua, jambo lililohusishwa na kutumia dawa. Kwa hiyo anayekuambia "ubongo wako umezidi kuchemka" amerahisisha mno. Wala usitoe hela ya MRI, ile mashine ya kupiga picha za ubongo, ukidhani itaonyesha sonona yako. Tofauti hizi huonekana kwenye wastani wa watu wengi. Daktari huitambua kwa kukuuliza na kukusikiliza. Na mawazo ya kujiua yakija, usingoje kukuche: mwamshe mtu wa karibu, muende hospitali.

Iringa utasikia dawa ya usingizi ni ulanzi, pombe ya mianzi. Pombe kweli hukulaza haraka, lakini huukatakata usingizi wa alfajiri, yaani palepale penye tatizo. Tiba ya mazungumzo iliyotengenezwa kwa ajili ya kukosa usingizi ina ushahidi mzuri zaidi, na sehemu yake kubwa ni mazoea: kitanda kiwe cha kulala, si cha kuwazia. Usingizi ukigoma, ondoka kitandani, fanya kitu chepesi mpaka macho yawe mazito, na asubuhi uamke saa ileile hata kama umekesha. Kwa baridi ya Uyole mwezi Juni, kutoka kwenye blanketi ni rahisi kuandika kuliko kufanya.