Je, wajua? Okestra ya filamu ya mapenzi ya kale mara nyingi si ya kale

Kwa nini filamu ya mapenzi inayosimulia Ulaya ya miaka mia mbili na zaidi iliyopita hupigiwa muziki ambao watu wa enzi hizo wasingeutambua?

Wengi wetu hatujui hata kwamba ndivyo ilivyo. Tunaona magauni marefu, magari ya farasi na barua zilizofungwa kwa nta, okestra inaingia taratibu, nasi tunaamini huo ndio muziki wa zama zile. Imani hiyo ina mantiki, maana filamu hizi huhangaikia kila kitu kiwe cha wakati wake. Lakini zina muziki wa aina mbili. Upo ule ambao wahusika wenyewe wanausikia, kama wa dansi au wa binti anayepiga piano sebuleni, na huo mara nyingi huchunguzwa kwa makini. Upo pia ule tunaousikia sisi tu, na huo hauna deni kwa kalenda.

Ushahidi umo kwenye ala. Piano ya mwaka 1800 ilikuwa na fremu ya mbao na nyundo zilizofunikwa ngozi, na nota yake ilififia upesi. Ya leo ina fremu ya chuma, vibonye 88 na nyundo za sufu iliyoshindiliwa; nota moja ikigongwa inabaki hewani. Fidla za wakati ule zilifungwa nyuzi za utumbo wa mnyama. Ule ukwasi wa sauti unaotufanya tuseme “hiki ni kisa cha kale” ni wa baadaye sana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Barry Lyndon ya mwaka 1975. Mwongozaji, Stanley Kubrick, alitaka karne ya 18 kwa ukali kiasi kwamba alipiga baadhi ya mandhari kwa mwanga wa mishumaa, akitumia lenzi za Zeiss zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA. Halafu mwanamke anainuka kwenye meza ya karata, anatoka nje kuvuta hewa, mwanamume anamfuata, anamshika mikono na kumbusu. Hawasemi neno. Kinachosema ni trio ya mtunzi Franz Schubert, yaani muziki wa ala tatu: piano, fidla na selo, iliyotungwa mwaka 1827. Kisa kinaishia 1789. Schubert alizaliwa 1797! Kubrick alimweleza mhakiki Michel Ciment kwamba alisikiliza muziki mwingi wa karne ya 18 bila kupata wimbo wa mapenzi wenye huzuni aliyoitafuta.

Huzuni hiyo inatengenezwaje? Sikio linatarajia nota fulani. Mpiga fidla badala yake anapiga nota jirani iliyo juu ya hiyo, isiyopatana na sauti nzito zilizo chini. Anaing’ang’ania. Kisha anateremka pale ulipomtarajia, na kifua kinalegea. Ni kama kitendawili: kimeshategwa, jibu liko kwenye ncha ya ulimi, na aliyekitega anakuzuia usikitegue bado. Kadiri anavyokuzuia ndivyo unavyolitamani jibu, na likija, linakuja na nafuu ambayo lisingekuwa nayo lingetolewa papo hapo.

Mozart, mtunzi wa karne ya 18, aliijua mbinu hii vizuri sana, ila kwa kawaida hakuchelewa kutegua. Ni watunzi wa karne ya 19 walioirefusha. Katika opera ya Wagner, Tristan und Isolde, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1865, mvutano unaotegwa mwanzoni haupati utulivu wake kamili hadi mwisho, saa nne hivi baadaye. Watunzi Max Steiner na Erich Korngold, waliokulia Vienna, walihamia Hollywood na lugha hiyo ya muziki, na tangu hapo sinema imeisema bila kukoma.

Mwaka 1991 mwanasaikolojia John Sloboda alichapisha utafiti wa wasikilizaji 83 nchini Uingereza. Vipande walivyovitaja kuwa vinawatoa machozi mara nyingi vilikuwa na nota hizo zinazocheleweshwa. Lakini walijieleza kwa kumbukumbu, na wengi walikuwa wamezoea muziki wa Ulaya. Hilo halithibitishi kwamba kila sikio duniani lingeitikia vivyo hivyo.

Mtunzi Dario Marianelli alikaa katikati ya njia alipotunga muziki wa filamu ya Pride & Prejudice ya mwaka 2005. Alianzia kwenye sonata (tungo za piano) za mwanzo za Beethoven, ambazo kweli ni za zama za kisa, kisha akampa mpiga piano Jean-Yves Thibaudet piano ya kisasa na kumzungushia okestra. Dansi maarufu ya Elizabeth na Darcy, wapenzi wa kisa hicho, kwa upande wake, imejengwa juu ya muziki wa mtunzi Mwingereza Henry Purcell wa mwaka 1695. Wale wawili wanacheza muziki uliotungwa karibu karne nzima kabla yao.