Ati "ni namba tu": dhana potofu kuhusu faragha na upelelezi wa serikali

Wakili mmoja alinisikiliza kwa adabu mafunzo mazima, kisha akanyosha mkono: "Mwalimu, nimekuelewa. Lakini serikali ikichukua rekodi za simu zangu itapata namba tu. Maneno yangu haitayapata." Kazi yangu ni kuwafundisha mawakili na waandishi wa habari usalama wa kidijitali, na kauli hiyo nimeisikia mara nyingi hadi naweza kummalizia mtu kabla hajafika katikati. Safari hii naiandikia jibu, ili mwingine akija nayo nimpe asome, nami nipumzishe koo.

Dhana: Bila maneno, hakuna siri iliyotoka

Nilimwomba wakili yule afungue orodha ya simu zake za juma hilo, atusomee saa na aina ya mtu tu: mteja, daktari, shemeji. Alipofika mstari wa nne akaitia simu mfukoni.

Maneno ndiyo yenye kudanganya. Watu hutania, husema kwa mafumbo, huchanganya lugha. Saa na mnara wa simu havijui fumbo. Tena maneno yanahitaji mtu wa kuyasikiliza na kuyaelewa, ilhali metadata, yaani taarifa za nani alimpigia nani, lini na akiwa wapi, za watu milioni moja kompyuta huzichambua kabla hujamaliza kupiga miayo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikusanya rekodi za simu za watu zaidi ya 800 waliojitolea, na mwaka 2016 wakachapisha walichokiona. Mshiriki mmoja alipigiwa simu ndefu na kitengo cha magonjwa ya moyo, akaongea kidogo na maabara, akapokea simu fupi fupi za duka la dawa, kisha akapiga mara kadhaa namba ya huduma ya kifaa kinachofuatilia mapigo ya moyo. Niambie, bado unahitaji kusikia alichosema?

Ukiongeza mahali simu ilipokuwa, mambo yanazidi. Mwanasiasa wa Ujerumani, Malte Spitz, aliidai kampuni ya simu ya Deutsche Telekom data zake za miezi 6 na akapewa mistari 35,830. Mwaka 2011 gazeti la Die Zeit lilizipanga kwenye ramani, na msomaji yeyote aliweza kumfuata kutoka treni hadi mkutanoni hadi kitandani. Miaka miwili baadaye, utafiti uliotumia data za watu milioni 1.5 ulionyesha kwamba sehemu 4 tu, kila moja na saa yake, zinatosha kumtofautisha mtu na wenzake wote katika visa 95 kati ya 100. Kwa hiyo anayekutuliza kwamba majina yameondolewa hajakuondolea kitu.

Najua dhana hii inakopata nguvu. Juni 2013 Edward Snowden, aliyewahi kuwafanyia kazi majasusi wa Marekani, alipofichua kwamba NSA, shirika la ujasusi wa mawasiliano la nchi hiyo, lilikuwa likipokea kila siku rekodi za simu za wateja wa kampuni ya Verizon, Rais Barack Obama alijibu kwamba hakuna anayesikiliza simu za watu. Alisema kweli! Ndiyo maana jibu lile liliwatuliza wengi: lilikanusha jambo ambalo halikuwa ndilo linalolalamikiwa. Mwaka uliofuata Michael Hayden, aliyewahi kuiongoza NSA na CIA pia, alikiri hadharani kwamba Marekani huua watu kwa kutegemea metadata, kisha akaharakisha kufafanua kwamba si zile za simu za Wamarekani. Haya, ni namba tu.

Na ule mzigo wote wa rekodi ulizaa nini? Mwaka 2014 bodi ya Marekani inayosimamia faragha na uhuru wa raia iliuchunguza mpango huo na haikupata hata kesi moja ya tishio dhidi ya nchi hiyo ambamo rekodi zile zilibadilisha matokeo ya uchunguzi wa ugaidi. Sheria ya 2015 ikaukomesha.

Ushauri ninaowachosha nao waandishi: ukienda kuonana na mtoa habari, msizime simu zenu mkikaribia mahali pa kukutana. Simu mbili zinazozimika pamoja mtaa mmoja na kuwaka pamoja baada ya saa moja zimeshasema yote. Iache nyumbani, ikiwa inawaka.

Dhana: WhatsApp imefungwa, basi niko salama

Tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp husafiri kwa usimbaji fiche mwanzo hadi mwisho, yaani anausoma aliyeutuma na aliyetumiwa tu, na usimbaji huo ni imara. Lakini nani unamwandikia na saa ngapi havifichwi na usimbaji huo. Nakala rudufu iliyo kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, haifungwi hivyo mpaka uiwashe mwenyewe kinga hiyo, na katika kila darasa naloingia walioiwasha hawafiki vidole vya mkono mmoja. Halafu kuna Pegasus, programu ya kijasusi ya kampuni ya NSO, ambayo haijisumbui kuvunja usimbaji: inaingia kwenye simu na kusoma pale pale unaposoma wewe. Anayetaka kupunguza metadata atumie Signal. Mwaka 2016 wenye programu hiyo walipopewa amri ya kisheria kutoa taarifa za mtumiaji, walichokuwa nacho ni tarehe ya kufungua akaunti na tarehe ya mwisho ya kuunganishwa.

Dhana: VPN au hali fiche vinanifanya nisionekane

Hali fiche ya kivinjari inamficha historia yako yule mtakayeshika naye kompyuta moja, basi. VPN, huduma inayopitisha mawasiliano yako ya intaneti kwenye kompyuta za mwenye huduma hiyo, inahamisha imani yako kutoka kwa mtoa huduma wa intaneti kwenda kwa mwenye VPN. Ukiingia kwenye akaunti yako ya kila siku, umejitaja jina.

Dhana: Lazima waende mahakamani kwanza

Si wakinunua. Programu za bure hukusanya mahali ulipo, madalali wa data huziuza, na idara za serikali ni wateja kama wengine. Ripoti ya idara ya ujasusi ya Marekani iliyotolewa hadharani mwaka 2023 ilikiri kwamba mashirika yake hununua taarifa za aina hiyo. Programu ya tochi haihitaji kujua ulipo. Inyime ruhusa.

Dhana: Sina cha kuficha

Uholanzi ilikuwa na daftari la wakazi lililopangwa vizuri, na dini ya kila mtu ilikuwa imeandikwa humo. Wanazi walipoivamia mwaka 1940 walilikuta tayari. Wayahudi zaidi ya 100,000 wa nchi hiyo waliuawa, na hakuna aliyekuwa ameficha kitu siku ya kuandikishwa.

Dhana: Upelelezi wote wa serikali ni haramu

Hii huletwa na wanaharakati, nao hunichosha vilevile. Ibara ya 17 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, wa 1966, inakataza kuingilia faragha ya mtu kiholela au kinyume cha sheria. Haikatazi polisi kumtafuta jambazi. Tazama kesi ya Carpenter, Marekani: wapelelezi wa wizi wa kutumia silaha walichukua rekodi za minara za siku 127, zenye alama 12,898 za mahali mshukiwa alipokuwa, bila kibali cha upekuzi. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo haikusema data hizo zisiguswe kamwe. Ilisema kaleteni kibali kwanza, mkiwa na sababu za kutosha mbele ya jaji. Carpenter mwenyewe alibaki gerezani, kwa kuwa wapelelezi walifuata sheria kama ilivyoeleweka wakati ule.

Kwa hiyo, mawakili wangu, barua ya kutaka rekodi za mteja ikifika mezani msianze kubishana kama ni maneno au ni namba. Angalieni chini kabisa aliyetia sahihi ni nani, jaji au bosi wa mpelelezi, halafu mhesabu ni siku ngapi anazozitaka.