Nimekimbia Mkoa Mwingine, Nifungue Shauri Wapi? Dhana Potofu Kuhusu Mahakama na Ukatili wa Majumbani

Kwenye fomu ya kuomba amri ya ulinzi, yaani amri ya mahakama ya kumzuia anayekutendea ukatili, kuna nafasi moja inayofanya kalamu isite: "Mahali unapoishi." Mtu katoka kwake jana usiku na begi moja na watoto wawili, kalala kwa dada yake, mkoa mwingine kabisa. Aandike nini? Akiandika nyumba aliyoikimbia, anaogopa kuambiwa akafungue shauri lake huko huko. Akiandika kwa dada, karani anaweza kumwambia yeye si mkazi wa hapa. Tena nakala ya fomu hiyo atapelekewa mume, na anwani ya dada imeandikwa waziwazi.

Hofu hizo zote zina majibu kisheria, lakini kila moja ina jibu lake. Watu husema "mahakama yenye mamlaka" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe kuna mamlaka juu ya aina ya shauri, mamlaka juu ya mtu anayelalamikiwa, na mahali pa kufungulia shauri. Ukiyachanganya haya matatu, unaweza kukata tamaa mlangoni pa mahakama ambayo ingekusikiliza.

Dhana: Lazima urudi kufungua shauri pale ulipopigwa

Hii imetoka kwenye jinai. Kesi ya shambulio kwa kawaida husikilizwa na mahakama ya eneo kosa lilipotendeka. Anayeiendesha ni serikali, na aliyeumizwa anakuwa shahidi. Amri ya ulinzi ni jambo jingine. Katika nchi nyingi ni maombi ya madai, na waliotunga sheria zake walijua kwamba mwombaji huenda amekimbia.

Sheria Na. 116 ya 1998 ya Afrika Kusini, inayohusu ukatili wa majumbani, inalisema hili bila kuzunguka. Kifungu cha 12 kinatoa mamlaka kwa mahakama ya eneo ambalo mlalamikaji anaishi, anafanya biashara au ameajiriwa. Au eneo la mlalamikiwa kwa vigezo hivyo hivyo. Au eneo ambako tukio lilitokea. Neno la kuangalia ni "kwa muda": anayeishi pale kwa kudumu au kwa muda, wote wanahesabika. Sheria ya India ya 2005 ya kuwalinda wanawake dhidi ya ukatili wa majumbani, kifungu cha 27, inafuata njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo aliyelala kwa dada usiku mmoja hana haja ya kudanganya. Kwenye hati ya kiapo anaandika ukweli: "Kwamba kwa sasa ninaishi kwa muda ndani ya mipaka ya mahakama hii, baada ya kuondoka nyumbani kwa kuhofia usalama wangu." Pale sheria inapokubali makazi ya muda, sentensi hiyo ndiyo inayofungua mlango, na ajabu ni kwamba watu wengi huiacha. Wanaeleza kipigo kwa kurasa nne na hawasemi wamefikaje pale walipo.

Hata upande wa jinai ukuta umeanza kupata nyufa. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya India iliulizwa kama mke aliyerudi kwa wazazi wake anaweza kufungua kesi ya ukatili huko, wakati vitendo vyote vilifanyika kwa mume. Ikajibu kuwa inawezekana, kwa sababu maumivu ya akili yanamfuata, na athari ya kosa inaendelea pale alipopata hifadhi.

Dhana: Mpaka uwe umekaa pale miezi kadhaa

Hii nayo ina asili yake, nayo ni talaka. Kule California, anayeomba talaka anatakiwa awe ameishi jimboni miezi 6 na katika kaunti husika miezi 3. Amri ya ulinzi haina sharti hilo. Kifungu kile cha Afrika Kusini kimeongeza kabisa kwamba hakuna muda wa chini unaohitajika.

Kosa linalotokea ni kuyafunga yote kwenye faili moja: talaka, mali, watoto na ulinzi. Sehemu ya talaka inagonga sharti la ukaazi, na mwombaji anatoka akidhani hata ulinzi amenyimwa.

Dhana: Mume yuko mbali, mahakama ya hapa haimfikii

Hapa watu hukosea pande zote mbili. Wapo wanaosema mahakama haiwezi lolote, na wapo wanaoamini kwamba hakimu akishaandika tu, mume atalipa kila kitu.

Marekani ina mifano mizuri kwa sababu majimbo yake ni mengi na watu huhama sana. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya New Jersey ilipata shauri la mwanamke aliyetoka Illinois na kukimbilia huko. Mume hakuwa na uhusiano wowote na New Jersey. Mahakama ilisema inaweza kumkataza mume: asimkaribie, asimtishe, asimtafute. Ila haiwezi kumwamuru atende jambo, kama kulipa au kukabidhi kitu, kwa sababu haina mamlaka juu yake binafsi. Mwaka 2008 Massachusetts ikafuata mstari huo huo kwa mwanamke aliyetoka Florida: makatazo yakabaki, amri ya kulipa fidia na kusalimisha silaha ikaondolewa.

Ukiuelewa mstari huo, mengi yananyooka. Kukataza ni kumlinda mtu aliyeko ndani ya mipaka ya mahakama. Kuamuru ni kumtwisha mzigo mtu aliyeko nje, na kwa hilo mahakama inahitaji kamba ya kumfunga nayo.

Kamba hiyo hupatikana kwa njia zaidi ya moja. Akiingia mwenyewe eneo hilo na kupewa hati ya wito mkononi, imepatikana. Akija mahakamani akajibu hoja zote bila kuweka pingamizi la mamlaka tangu mwanzo, kwa kawaida huhesabiwa amekubali. Na akipiga simu za vitisho baada ya wewe kufika pale, zipo mahakama zilizosema amejiingiza mwenyewe, kwa kuwa tishio limekufikia ndani ya mipaka yake. Kwa sababu hiyo usifute ujumbe wa vitisho hata kama unakutia kichefuchefu. Andika tarehe, saa, na mahali ulipokuwa umekaa ulipousoma. Wengi huandika maneno ya tishio na kusahau mahali, na mahali ndipo mamlaka yanapotokea.

(Ninasema "mume" kwa wepesi wa kusimulia. Sheria nyingi za aina hii humlinda yeyote aliye katika uhusiano wa kifamilia, wazee na watoto wakiwemo.)

Dhana: Ndoa ni ya kidini, basi hata kipigo kinaamuliwa huko huko

Kenya ni mfano ulio wazi. Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 inazipa mahakama za kadhi mamlaka juu ya masuala ya sheria ya Kiislamu yahusuyo hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mahakama hiyo. Shambulio halimo kwenye orodha hiyo. Mke anaweza kuwa na shauri la talaka kwa kadhi na kesi ya jinai ya mume kumpiga ikawa kwa hakimu, na wala hakuna mgongano.

Tanzania ina mkanganyiko wake, wa baraza la usuluhishi la ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka, isipokuwa katika mazingira maalumu, mgogoro upitie barazani kabla ya maombi ya talaka. Sharti hilo limeshikamana na talaka. Anayekwenda polisi kuripoti kipigo hahitaji cheti cha baraza, na sheria hiyo hiyo, kifungu cha 66, inasema mwanandoa hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa viboko. Kwa maoni yangu, kumwambia mtu mwenye jicho lililovimba "nendeni kwanza mkayamalize" ni kumrudisha mikononi mwa aliyemvimbisha. Mkataba wa Istanbul wa 2011, ule wa Baraza la Ulaya kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, kwa nchi zilizouridhia, umepiga marufuku usuluhishi wa lazima katika ukatili wa aina hii.

Dhana: Ukikosea mahakama, umeshindwa

Inategemea umekosea nini. Ukikosea mahali, yaani umekwenda wilaya A badala ya B ilhali mahakama zote mbili ni za ngazi na aina moja, dawa ya kawaida ni shauri kuhamishwa. Tena upande wa pili usipolalamika mapema, mara nyingi linaendelea pale pale. Ukikosea aina ya mahakama, hapo ni pagumu: mahakama isiyo na mamlaka juu ya jambo hilo haiyapati hata wahusika wote wakikubaliana, na uamuzi wake unaweza kubatilishwa baadaye. Hata hivyo, kutupwa kwa msingi huo si kushindwa shauri, kwa kuwa hakuna aliyesikiliza kama ulipigwa au la. Unafungua upya panapostahili.

Dhana: Amri inaishia mpakani

Ndani ya nchi moja mara nyingi si kweli. Amri ya Afrika Kusini inatekelezeka Jamhuri nzima, na ya India nchi nzima. Marekani, tangu sheria ya shirikisho ya 1994, jimbo moja linapaswa kuheshimu amri halali ya jimbo jingine, na mwenye amri halazimiki kuisajili kwanza huko alikohamia. Akiamua kuisajili, mume hatakiwi kuarifiwa isipokuwa mwenye amri mwenyewe aombe hivyo. Masharti yapo: mahakama iliyoitoa iwe na mamlaka, na aliyelalamikiwa awe amearifiwa na kupewa nafasi ya kusikilizwa. Ile ya dharura iliyotolewa kwa kusikiliza upande mmoja tu inaheshimiwa pia, ilimradi nafasi hiyo atapewa ndani ya muda uliowekwa na sheria.

Umoja wa Ulaya nao una utaratibu wake wa amri za madai tangu Januari 2015, ambapo utambuzi katika nchi nyingine una ukomo wa miezi 12. Nje ya mipango kama hiyo, amri ya nchi moja haivuki mpaka yenyewe. Unaomba mpya, na ile ya zamani unaibeba kama ushahidi.

Dhana: Aliyenipa ulinzi ndiye atakayeamua watoto wakae na nani

Mara nyingi siyo. Ulinzi unafuata mahali ulipo, ila ulezi wa mtoto unafuata mahali mtoto alipokuwa akiishi. Marekani kipimo cha kawaida ni jimbo alilokaa miezi 6 mfululizo kabla ya shauri. Mahakama ya jimbo alikokimbiziwa inaweza kuchukua mamlaka ya dharura ya muda kama mtoto, ndugu yake au mzazi wake anatendewa ukatili au yuko hatarini, kisha inawasiliana na ile ya kwanza.

Kuvuka nchi ni kuzito zaidi. Mkataba wa Hague wa 1980, unaohusu watoto waliopelekwa nchi nyingine kinyume cha haki, unaelekeza mtoto arudishwe nchi ya makazi yake ya kawaida, na huko ndiko ulezi uamuliwe. Ibara ya 13 inaruhusu kukataa kumrudisha ikiwa kuna hatari kubwa ya kumdhuru mwili au akili. Mwenye kudai hatari hiyo ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, kwa hiyo cheti cha hospitali na ripoti ya polisi vinatafutwa kabla ya safari, kama hali inaruhusu.

Dhana: Fomu lazima ionyeshe nilipojificha

Turudi kwenye ile nafasi. Mahakama inahitaji kujua kuwa uko ndani ya mipaka yake, lakini hilo halimaanishi kwamba mume naye ajue mlango unaoulalia. Katika mifumo mingi unaweza kuomba anwani ifichwe, au utumie anwani nyingine ya kupokelea nyaraka. Ombi hilo linakuja kabla ya fomu kukabidhiwa, kwa maana ikishagongwa muhuri na nakala kwenda kwa msambaza wito, karani hana cha kukurudishia. Pale dirishani, kabla ya kuandika chochote, muulize: "Nakala ya ukurasa huu itampelekea nani?"